Kumtanguliza Mungu Kuanzia Kuamka hadi Kulala: Mwongozo kwa Mkristo Mwenye Shughuli Nyingi

Mkristo akiulizwa nani wa kwanza maishani mwake, atajibu bila kusita kwamba ni Mungu. Jibu hilo linatoka moyoni. Lakini ukiifuata siku yake tangu anapoamka mpaka anapolala, mara nyingi Mungu anapewa mabaki: dakika mbili za usiku macho yakiwa yameshafumba, sarafu iliyosalia mfukoni Jumapili asubuhi, na sala ya haraka mambo yakishaharibika. Kwa wengi tatizo si uhaba wa imani. Hawajatenga saa, hawajatenga fedha, hawana utaratibu wa kuamua mambo, kwa hiyo chochote chenye kelele kinapita mbele.

Yesu aliposema, "Bali utafuteni kwanza ufalme wake, na haki yake; na hayo yote mtazidishiwa" (Mathayo 6:33), alikuwa akisema na watu wenye wasiwasi wa chakula na mavazi. Hakuwaambia waache kulima wala kuvua. Aliwapangia kipi kitangulie, na haki akaitaja pamoja na ufalme. Ndiyo maana mwongozo huu hauishii kwenye sala na kusoma Biblia. Unaingia dukani, unafika kwenye mizani, kwenye mshahara wa dada wa kazi na kwenye deni la genge.

Usianze yote kwa pamoja. Mwezi wa kwanza shughulika na asubuhi peke yake. Mwezi wa pili ongeza fedha. Yaliyobaki yaingize moja moja baada ya hapo. Wanaoanza kwa kishindo, saa mbili za maombi na mfungo wa siku tatu ndani ya juma la kwanza, kwa kawaida huwa wamechoka na kuacha kabla mwezi haujaisha.

Tazama kwanza hali ilivyo

Chukua karatasi moja, igawe safu tatu, uijaze kwa siku saba. Safu ya kwanza andika kitu cha kwanza ulichokishika baada ya kuamka. Ya pili, kila fedha ilipoingia, ilianza kwenda wapi. Ya tatu, ulipopata shida, ulimwambia nani kwanza. Jaza usiku uleule, maana siku mbili zikipita kumbukumbu huanza kujipendelea. Safu ya fedha usiijaze kwa kukumbuka kabisa. Fungua ujumbe wa miamala kwenye simu usome.

Wiki hiyo usijirekebishe, andika tu. Siku ya nane itakuonyesha pa kuanzia. Wengi hukuta simu katika safu ya kwanza, marejesho ya mkopo katika ya pili, na rafiki katika ya tatu. Si dhambi kumpigia rafiki. Unatafuta kujua ni wapi Mungu hajawahi kupewa nafasi, ili upaanzie hapo.

Asubuhi huandaliwa jioni

Muda wa alfajiri hupotea usiku uliotangulia. Anayelala saa sita usiku hawezi kuamka saa kumi na moja akaomba akiwa macho kweli. Atasinzia juu ya Biblia, kisha atajilaumu kuwa amepoa kiroho, kumbe alichokosa ni usingizi. Piga hesabu ya kurudi nyuma: ukihitaji saa saba za kulala na unataka kuamka saa kumi na moja alfajiri, uwe kitandani saa nne usiku. Ikiwa haiwezekani, sogeza mbele saa ya kuamka. Usingizi usiupunguze.

Kabla ya kulala weka vitu vinne mahali pamoja: Biblia yenye alama kwenye sura ya kesho, daftari, kalamu inayoandika, na taa isiyotegemea umeme. Mtu anayeanza kutafuta kalamu saa kumi na moja gizani huwa ameshaamsha nyumba nzima.

Simu ilale mbali na kitanda. Hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloangusha watu wengi kuliko jingine lolote. Simu ikiwa ndiyo inayokuamsha, mkono unaizima kengele, jicho linaona ujumbe wa kundi la ukoo, na robo saa imekwenda kwenye harambee, siasa na picha za harusi. Nunua saa ya mezani yenye kengele. Kama huna Biblia ya karatasi na unatumia ya kwenye simu, zima data tangu usiku na usiiwashe mpaka umalize.

Mahali pa kuomba si lazima pawe chumba maalumu. Marko 1:35 inasema Yesu alitoka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipokuwa na watu. Nyumba aliyofikia siku ile ilikuwa ya Simoni Petro na Andrea, na jioni yake mji wote ulikuwa umekusanyika mlangoni. Kwa hiyo anayeishi chumba kimoja na watoto wanne asidhani hali yake haina njia. Kuna kibaraza, kuna jikoni, kuna gari kabla halijawashwa, kuna kanisa lililo wazi njiani kuelekea kazini. Mama anayenyonyesha autumie muda wa kunyonyesha kwa mara ya kwanza alfajiri, Biblia ikiwa wazi kando yake. Dereva anayetoka saa kumi usiku, muuguzi au mlinzi wa zamu ya usiku, wasijilazimishe kufuata alfajiri ya wengine. Asubuhi yako ni saa unayoamka, hata kama ni saa nane mchana.

Dakika ishirini, na jinsi ya kuzigawa

Dakika ishirini za kila siku zinazidi saa moja ya mara moja kwa juma. Zigawe hivi:

1. Dakika mbili za kwanza, kaa wima na unyamaze. Sentensi moja inatosha: "Bwana, nimekuja, sema, nakusikia." Mawazo ya kazi yatakuja. Yaandike pembeni ya daftari, uyaache hapo.
2. Dakika nane, soma kifungu kimoja mara mbili. Mara ya pili kisome kwa sauti ya chini, maana macho huruka maneno ambayo mdomo hauwezi kuyaruka.
3. Dakika nne, andika mistari mitatu: kifungu kinasema nini juu ya Mungu, kinanidai nini, na nitafanya nini leo.
4. Dakika sita, omba.

Mstari wa tatu wa daftari ndio wenye kazi kubwa, na ndio watu wengi wanauandika vibaya. Tuseme umesoma habari za Zakayo, Luka 19:1-10. Ukiandika "Niwe mtu wa haki zaidi," hujaandika kitu; jioni hutaweza kujua kama umelifanya au hukulifanya. Rudi kwenye mstari wa 8, pale Zakayo anaposema, "na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Ametaja kiasi, na ametamka mbele ya watu. Sasa andika kama yeye: "Shilingi 15,000 ninazodaiwa na mama wa genge, nimpelekee leo kabla ya saa kumi jioni, na nimwombe radhi kwa kuchelewa." Kuna jina, kuna kiasi, kuna saa. Usiku utaweka alama ya vema au mkasi.

Kwa maombi, ukikosa mpangilio fuata Sala ya Bwana yenyewe, sehemu kwa sehemu, dakika moja kwa kila ombi. Maombi matatu ya mwanzo ni ya jina lake, ufalme wake na mapenzi yake. Mkate unakuja wa nne. Ukiomba kwa mpangilio huo, ada ya shule na kodi ya nyumba zinakuja baada ya mambo ya Mungu, na hazisahauliki. Majina ya watu unaowaombea yagawe kwa siku, yasizidi matano kila siku: Jumatatu wazazi na ndugu, Jumanne watoto na shule zao, Jumatano mnaofanya nao kazi, Alhamisi wagonjwa na wafiwa, Ijumaa mchungaji au padre na viongozi wa kanisa, Jumamosi mtu aliyekukosea. Hiyo Jumamosi usiiruke.

Usome wapi

Usianze na Mwanzo ukiwa na nia ya kufika Ufunuo bila kusimama. Wengi hukwama kwenye vipimo vya hema katika Kutoka au kwenye sheria za dhabihu katika Mambo ya Walawi, wakadhani Biblia si yao. Anza na Injili ya Marko. Ina sura 16, sura moja kwa siku. Sura ya 14 yenye aya 72 igawe siku mbili. Kisha endelea na Luka (sura 24) na Matendo ya Mitume (sura 28), maana ni simulizi moja inayoendelea. Mithali ina sura 31, ukipenda soma moja kwa tarehe yake.

Baada ya hapo hesabu ni rahisi. Agano Jipya lina sura 260: sura moja kwa siku, siku tano kwa juma, unalimaliza kwa majuma 52, na siku mbili za kila juma zinabaki za kufidia. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Sura tatu kila siku na tano Jumapili zinatosha kuimaliza kwa mwaka. Mkatoliki mwenye Biblia ya vitabu 73 aongeze majuma machache. Lakini tunashauri mwaka wa kwanza uwe wa Agano Jipya peke yake. Kusoma kwa haraka ili umalize ratiba ni kazi ya hesabu, haikujengi.

Ukiruka siku, usilipe deni. Hili lisisitizwe. Aliyekosa siku nne akajilazimisha kusoma sura kumi na mbili Jumamosi ataruka na ya tano. Fungua sura ya leo, endelea.

Mchana

Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), na Wakatoliki wana sala ya Malaika wa Bwana asubuhi, adhuhuri na jioni. Usiutegemee moyo ukukumbushe. Funga sala fupi kwenye tendo unalolifanya kila siku: kabla ya kugeuza ufunguo wa pikipiki, kabla ya kufungua kufuli la duka, kabla ya kuingia darasani, kabla ya kupokea simu ya mtu mnayegombana. Urefu wake? Katika Nehemia 2:4 mfalme anauliza, Nehemia anamwomba Mungu wa mbinguni, na papo hapo anamjibu mfalme. Hakutoka nje wala hakufumba macho muda mrefu. Sekunde chache zilitosha, lakini ukisoma sura ya kwanza utakuta kwamba kabla ya hapo alikuwa amefunga na kuomba siku nyingi. Sala fupi ya mchana hupata nguvu kwa ile ndefu ya asubuhi.

Kazini na sokoni

Hapa ndipo watu wa nje wanapoipima imani yako, na ndipo waumini wengi wenye kuomba sana wanapoanguka.

Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza. Kwa mwenye duka maana yake ni hii: mizani ipimwe na kugongwa muhuri na wakala wa vipimo kila mwaka, sahani yake ifutwe unga ulioganda, na mshale usimame sifuri kabla ya kuweka mzigo. Kopo la kupimia lisiwe limebonyezwa kitako. Mnunuzi wa mazao asimlazimishe mkulima kujaza lumbesa, yaani gunia lililorundikwa kupita ujazo wake, kwa bei ya gunia la kawaida. Nyanya nzuri zisipangwe juu na zilizooza chini. Mteja asiyejua bei apewe bei ileile ya anayeijua.

Kwa mwajiriwa, saa za kazi ni mali ya mwajiri. Kusoma Biblia saa nne asubuhi wakati foleni ya wagonjwa imefika getini, au kuchelewa kazini kwa sababu ya maombi ya alfajiri, hakumtangulizi Mungu; kunamwibia jirani kwa jina la Mungu. Hongo, hata ikiitwa chai, ikatae mapema na kwa maneno mafupi yaliyoandaliwa: "Huduma hii hailipiwi, subiri zamu yako." Jibu lisiloandaliwa huyumba. Na kama ofisi yako nzima inaishi kwa mgao, jiandae: utatengwa kwenye chai, utaitwa mtakatifu kwa kejeli, na safari za kikazi huenda zikapungua. Ni afadhali kulijua hilo kabla, ukaliombea na kurekebisha bajeti, kuliko kulikuta ghafla.

Aliye na dada wa kazi, kijana wa shamba au fundi wa kutwa, amlipe tarehe waliyopatana. Kumbukumbu la Torati 24:15 inaagiza ujira wa maskini ulipwe siku ileile kabla jua halijachwa, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unalia. Ni jambo la kuumiza kuona nyumba inayotoa ahadi kubwa ya ujenzi wa kanisa huku msaidizi wake anadai miezi mitatu. Panga hivi: mshahara wa msaidizi na fungu la Mungu vitoke siku moja, kabla ya matumizi mengine.

Fedha: fungu la kwanza

Mithali 3:9 inataja malimbuko, yaani kinachochumwa kwanza. Fungu la kumi likisubiri mwisho wa mwezi halipatikani; si kwa sababu watu ni wachoyo, ila mwezi wenyewe huwa umekwisha kabla ya tarehe thelathini. Litenge saa ileile fedha inapoingia. Tumia bahasha yenye jina, au laini ya pili ya simu isiyotumika kwa jambo lingine. Fedha ikikaa kwenye laini ya matumizi, itanunua umeme.

Kukokotoa kunawachanganya wengi wasio na mshahara. Mwajiriwa anayepokea 600,000 mkononi anatenga 60,000. Wengine hukokotoa kwenye mshahara kabla ya makato. Fuata mafundisho ya kanisa lako, chagua moja, usibadilishe kila mwezi kwa kufuata hali ya mfuko. Mfanyabiashara asikokotoe kwenye mauzo, atakula mtaji. Akiuza kwa juma 180,000, bidhaa zilimgharimu 140,000, usafiri 6,000 na ushuru wa soko 2,000, faida ni 32,000 na fungu la kumi ni 3,200. Afanye hesabu hiyo kila Jumamosi jioni, daftari la duka likiwa wazi. Mkulima aliyepata magunia 20 ya mahindi atenge mawili siku ya kupukuchua, kabla mnunuzi hajafika, na yawe ya mahindi mazuri kama mengine.

Mwenye madeni afanyeje? Asikope ili atoe. Kukopa kwa mkopeshaji wa kausha damu, yule wa riba kubwa mno, ili bahasha ijae ni kumtolea Mungu fedha ya mtu mwingine. Aanze na asilimia anayoweza, hata mbili kwa mia, aiweke ya kwanza, na kila deni moja linapoisha aongeze. Paulo anasema mtu hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo" (2 Wakorintho 8:12). Orodha ya madeni iwekwe kwenye daftari lilelile la asubuhi.

Kuna makosa mawili ya kuyakwepa kwa nguvu. La kwanza Yesu alilikemea waziwazi katika Marko 7:9-13: kuwanyima wazazi msaada kwa kisingizio kwamba mali imewekwa wakfu kwa Mungu. Dawa za mama za shinikizo la damu hazishindani na sadaka. Zote mbili ziko ndani ya amri zake. La pili ni kutoa kama bei ya muujiza. Anayekuambia tuma kiasi fulani kwa namba hii upate visa, mume au uponyaji, usimtumie. Toa mahali ambapo hesabu husomwa mbele ya waumini na unaweza kuuliza fedha imefanya nini. Mungu hanunuliwi, na aliye na shida ndiye anayewindwa zaidi na watu wa namna hiyo.

Ibada ya nyumbani

Dakika kumi na tano, kabla ya chakula cha jioni. Baada ya ugali watoto husinzia, na saa mbili usiku taarifa ya habari inaanza. Wimbo mmoja anaouchagua mtoto mdogo kuliko wote, aya nane hadi kumi na mbili zinazosomwa kwa zamu, swali moja ambalo hata wa darasa la pili anaweza kulijibu ("Huyu mtu alikuwa anaogopa nini?"), kisha sala ya watu wawili. Siku nne kwa juma zinatosha. Dada wa kazi aketi pamoja nanyi, asibaki anageuza maandazi jikoni. Kama ana dini nyingine, aulizwe, asilazimishwe. Na saa zake za ibada zake zilindwe.

Kinachoua ibada ya nyumbani ni baba au mama kuigeuza mahakama. Mtoto aliyepata alama mbaya asisikie habari zake ndani ya sala. Mwite pembeni, wakati mwingine. Watoto wakishazoea kusemwa mbele ya Mungu, wataikimbia ibada hiyo hata watakapokuwa na nyumba zao.

Mwenzi asipoamini, soma kifupi na watoto wanaotaka, sauti ya kawaida, chakula chake kikiwa tayari kwa wakati. 1 Petro 3:1 inasema wasioliamini neno huvutwa na mwenendo, pasipo neno.

Siku ya Bwana

Jumapili inaharibikia Jumamosi. Nguo zipigwe pasi Jumamosi mchana, kwani umeme una kawaida ya kukatika asubuhi ya ibada. Sadaka iwekwe kwenye bahasha, viatu vipigwe rangi, nyama ichemshwe, tanki la maji lijazwe. Waadventista wana Ijumaa yao ya maandalio kabla jua halijazama, na utaratibu huo unafaa kuigwa na sisi wengine wote. Amri ya Kutoka 20:10 inawapumzisha pia watumishi na wanyama, kwa hiyo mapumziko yako yasimtwishe msaidizi kupikia wageni kumi na watano.

Mwenye zamu ya Jumapili atafute ibada ya mapema, misa ya Jumamosi jioni, au ibada ya katikati ya juma, na siku yake ya mapumziko aitenge nusu siku bila biashara.

Neno moja kwa watumishi wa kanisa. Kwaya Jumatatu, kamati Jumanne, jumuiya Jumatano, maombi Alhamisi, mazoezi tena Ijumaa: nyumba ikiwa inakuona umelala tu, umelitanguliza kanisa, na kanisa si Mungu. Chagua huduma mbili. Martha alikuwa akimhudumia Yesu mwenyewe, na bado aliambiwa anasumbukia mambo mengi (Luka 10:41).

Maamuzi makubwa

Uhamisho, uchumba, mkopo, kununua kiwanja. Andika jambo lenyewe kwa sentensi moja. Uliza: je, linanihitaji nidanganye, nihonge, nidhulumu au nivunje ahadi? Kama ndiyo, usiliombee, limeshajibiwa. Kama siyo, liombee kwa siku ulizozitaja mapema, saba au kumi na nne, bila kuahidi mtu chochote. Ndani ya siku hizo waone watu watatu: mzee wa kanisa anayekujua, mtu wa familia, na mtu anayelijua jambo lenyewe. Kwa kiwanja huyo wa tatu ni ofisi ya ardhi ya halmashauri: hakiki jina la mmiliki, uliza kama eneo halina mgogoro wala hifadhi ya barabara, zungumza na majirani wa pande zote na serikali ya mtaa. Kisha amua, ukisema kama Yakobo 4:15, Bwana akipenda.

Usifungue Biblia ukiwa umefumba macho na kuweka kidole kwenye mstari. Usinunue kiwanja kwa unabii wa mtu asiyeijua hata barabara ya kufika hapo. "Nina amani moyoni" ni ushahidi mmoja tu, na moyo unaotaka kitu sana hujipa amani wenyewe. Mungu hutuongoza pia kwa nyaraka zilizohakikiwa na kwa wazee wasioogopa kutuambia hapana.

Kufunga, kwa ufupi

Anza kwa kuacha mlo mmoja, siku moja kwa juma, maji ukiendelea kunywa. Muda wa mlo uwe wa kuomba, na fedha ya mlo huo impe mwenye njaa, kama Isaya 58:7 inavyotaka. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia ARV au dawa za kifua kikuu, asifunge chakula bila kumwona daktari, na asiache dawa kwa sababu ya maombi. Anaweza kufunga redio, mitandao au soda.

Usiku, na siku ulizoanguka

Dakika tano kabla ya kulala fungua daftari kwenye ukurasa wa asubuhi. Weka vema au mkasi kwenye lile tendo. Shukuru kwa mambo matatu ya siku hiyo, uyataje kwa majina. Ungama lililoharibika bila kulipamba. Kama umemkosea mtu, panga kumwendea kesho, kwa maana Mathayo 5:23-24 inaiweka suluhu mbele ya sadaka. Ukimwendea sema ulilofanya na uombe msamaha. Usimalize kwa "lakini na wewe".

Mikasi ikiwa mingi kuliko vema kwa wiki mbili mfululizo, usihamishe saa ya sala wala usiongeze ukali. Punguza: dakika ishirini ziwe kumi, sura iwe nusu sura, mpaka ushike tena. Na tafuta mtu mmoja wa jinsia yako, asiyekudai wala asiye bosi wako, akuulize kila Jumamosi maswali mawili tu: umekutana na Mungu siku ngapi wiki hii, na lile uliloandika umelifanya? Mjibu kwa tarakimu, si kwa maelezo.